Kumpima Mwimbaji wa Opera Aliyerekodiwa: Ushauri kwa Anayeanza Kuandika Uhakiki

Wengi wetu tunaoishi mbali na majumba ya opera tunaijua sanaa hii kupitia skrini, na hapo ndipo uhakiki mwingi wa wanaoanza unapopotea njia, kwa kuwa humsifu au humlaumu mwimbaji kwa mambo ambayo hakuyatenda yeye. Sauti yake imepita kwenye maikrofoni na mikononi mwa fundi mitambo. Uso tunaouona umechaguliwa na mwongozaji wa kamera. Na mahali aliposimama palipangwa na mwongozaji wa onyesho miezi kadhaa kabla ya pazia kufunguliwa. Ndiyo maana humtaka kila anayeanza kazi hii ajibu kwanza maswali haya kabla ya kuandika hata sentensi moja ya hukumu: sauti hii ilinaswa wapi na kwa njia gani, na picha hii ilichaguliwa na nani?

Nitatumia opera moja tu, La Traviata ya Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa La Fenice mjini Venice tarehe 6 Machi 1853. Hadithi yake haihitaji maelezo marefu. Violetta, mwanamke anayetunzwa na matajiri wa Paris na anayeugua kifua kikuu, anampenda kijana Alfredo. Baba wa kijana, mzee Germont, anamwomba amwache mwanawe ili kuinusuru heshima ya familia. Violetta anakubali, anadhalilishwa mbele ya watu na Alfredo asiyejua sababu, na anakata roho wakati ukweli umekwisha kujulikana lakini muda umekwisha pia. Nimeichagua kwa sababu zipo rekodi zake tatu mashuhuri zilizotengenezwa kwa njia tatu zisizofanana hata kidogo, na anayezitazama kwa kufuatana atajifunza mengi kuliko anayetazama opera kumi tofauti.

Ya kwanza ni filamu ya Franco Zeffirelli ya mwaka 1982. Teresa Stratas, Plácido Domingo na Cornell MacNeil walirekodi sauti kwanza, pamoja na okestra na kwaya ya Metropolitan Opera ya New York chini ya James Levine, kisha wakaigiza mbele ya kamera wakizifuatisha sauti zao wenyewe. Ni pleibeki, kama tunavyoiita kwenye matamasha yetu, ila huku haina aibu yoyote, kwa sababu hakuna aliyeahidiwa kitu kingine. Kinachopaswa kubadilika ni vipimo vyako. Huwezi kumsifu mwimbaji wa filamu kama hii kwa ustahimilivu, kwani aliweza kupumzika na kurudia. Wala huwezi kuzungumzia pumzi yake kwa kutazama kifua chake, kwani kifua unachokiona hakiimbi. Unachoweza kukipima kwa haki ni rangi ya sauti, namna anavyoyatamka maneno, na nia iliyomo katika kila kifungu, na kando ya hayo uigizaji wa uso, ambao kwa Stratas katika tendo la mwisho ni wa hali ya juu mno. Zeffirelli anaanza kwa kumwonyesha Violetta anayekaribia kufa ndani ya nyumba ambayo vyombo vyake vinaondolewa, na karamu ya tendo la kwanza inakuja kama kumbukumbu. Jambo hilo lingekuwa gumu sana jukwaani, na linapaswa kuandikwa kwenye hesabu ya mwongozaji.

Ya pili ilirushwa moja kwa moja na televisheni mwezi Juni 2000, ikiigizwa katika majengo na bustani halisi za Paris na Versailles. Okestra, iliyoongozwa na Zubin Mehta, ilikuwa sehemu nyingine kabisa, na waimbaji Eteri Gvazava, José Cura na Rolando Panerai waliisikia kwa vifaa, huku kamera zikiwafuata. Anayeanza akiona mwimbaji amechelewa kidogo nyuma ya okestra ataandika kuwa hana mapigo, na huenda atakuwa amemwonea, kwa sababu mwimbaji huyo hana mbele yake okestra yenyewe wala ukumbi wa kumrudishia sauti yake, na bado anatakiwa atembee na kucheka kama aliye nyumbani kwake. Katika rekodi hii uthabiti wa kimuziki, yaani kuingia kwa wakati na kubaki ndani ya ufunguo, una thamani kubwa kuliko ulivyo katika ile ya Zeffirelli. Binafsi sauti zake hazinivutii sana, lakini ni kitabu kizuri cha kujifunzia.

Ya tatu ni onyesho la jukwaani hasa, lenye hadhira: tamasha la mji wa Salzburg, Austria, la mwaka 2005, Anna Netrebko akiwa Violetta, Rolando Villazón Alfredo, Thomas Hampson Germont, na Carlo Rizzi akiiongoza okestra ya Vienna Philharmonic. Hapa pumzi unayoiona na sauti unayoisikia vinatoka kwa mtu yuleyule katika onyesho lilelile, ingawa hata kwenye rekodi za aina hii watengenezaji mara nyingi huchanganya maonyesho zaidi ya moja ili kuziba dosari. Tazama taya, mabega na shingo. Mabega yanayopanda kila anapovuta pumzi, au taya linalotetemeka pamoja na noti, ni ushahidi ambao rekodi ya studio haiwezi kukupa.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo hakuna rekodi kati ya hizo tatu itakayokuambia, nalo ni ukubwa wa sauti. Katika nyumba ya opera mwimbaji haongezewi sauti kwa mitambo. Anaipita okestra kwa nguvu ya mlio wake mwenyewe, hasa mlio ule mkali unaokusanyika karibu na herzi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo okestra haina nguvu nyingi. Katika tendo la pili Violetta, akiwa tayari ameamua kuondoka bila kumwambia Alfredo sababu, analipuka kwa kilio cha "Amami, Alfredo", na okestra nzima inapanda pamoja naye kwa wimbo uleule tuliousikia kwenye utangulizi wa ala. Ukumbini swali huwa ni kama sauti ya mwanamke mmoja itaelea juu ya wimbi hilo au itazama. Kwenye skrini swali hilo limekwisha kujibiwa na fundi mitambo. Basi usiandike kwamba fulani ana sauti kubwa. Andika kwamba katika rekodi hii sauti yake inasikika mbele ya okestra, kisha useme kile ambacho kweli umekisikia, kwa mfano kama sauti ilibaki mviringo au iligeuka kuwa makelele pale msukumo ulipozidi.

Katika kumsikiliza Violetta, wageni wengi hukimbilia mwisho wa tendo la kwanza, "Sempre libera", na kusubiri ile noti ya juu kabisa, mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni. Noti hiyo Verdi hakuiandika. Ni desturi ya waimbaji. Asiyeiimba hajapungukiwa na kitu, na anayeiimba kwa kupiga yowe amejiharibia mwenyewe. Afadhali usikilize vile vifungu vya mbio vinavyoitangulia: je, kila noti imesimama peke yake, au zimeteleza zote pamoja?

Mahali pa kumjua Violetta ni tendo la tatu, na ningemshauri mwanafunzi akae na dakika zake chache kwa muda mrefu kuliko opera yote iliyobaki. Violetta anaichukua barua ya Germont na kuisoma. Haimbi. Verdi anataka maneno yasemwe kwa sauti ya chini, lakini kwa kufuata mapigo, huku fidla zikiurudia kwa upole wimbo wa mapenzi ambao Alfredo aliuimba katika tendo la kwanza. Mwigizaji anayelia hapo ameyamaliza machozi kabla ya wakati, kwa maana barua inaleta habari njema: Alfredo ameambiwa ukweli, naye anakuja. Huzuni imo katika fidla, haimo katika barua, na mwimbaji mwenye akili huiachia okestra kazi yake. Kisha anasema kwamba wakati umepita, anajitazama kwenye kioo, na kuanza "Addio del passato", wimbo wa kuaga yaliyopita, huku oboe, ala ya kupuliza, ikiingia kati ya vifungu vyake. Noti ya mwisho, ile ya juu iitwayo “la”, imeandikiwa kwamba iimbwe kama uzi wa sauti tu. Sikiliza uzi huo kwa makini. Je, ni mwembamba kwa sababu ameupunguza kwa hiari, akiwa bado na pumzi chini yake, au ni mwembamba kwa sababu pumzi imemwishia? Katika hali ya kwanza noti hubaki mahali pake hadi inapokoma. Katika ya pili hushuka kidogo, au hutikisika kabla ya kukatika. Maikrofoni, iliyotunyima habari za ukubwa wa sauti, hapa inatusaidia, kwa kuwa inatufikishia hata mkwaruzo mdogo ambao mtu aliyeketi safu ya nyuma asingeusikia.

Onyo moja kwa waliokulia kwenye kwaya, ambao kati yetu ni wengi: tumezoeshwa kutoa alama kwa sauti zilizoyeyuka na kuwa kitu kimoja. Katika majadiliano ya Violetta na Germont hilo halitakiwi. Mzee anakuja na vifungu vilivyonyooka, vyenye uzito wa mtu aliyezoea kutiiwa, na Violetta anamjibu kwa vipande vilivyokatikakatika hadi anapokubali, ndipo anapoimba "Dite alla giovine" kwa utulivu unaotisha. Sauti mbili zikifanana mno hapo, ugomvi umepotea na hadithi pia.

Kuhusu matamshi tuna bahati, maana irabu za Kiitalia ziko karibu na zetu, na sikio la Mswahili hutambua mara moja irabu iliyopinda. Usiwe mwepesi wa kukata alama, lakini. Soprano akipanda juu sana hulazimika kuifungua irabu ili sauti isibanwe. Kosa ni pale anapofanya hivyo katikati ya sauti yake, ambako hana sababu.

Nikija kwenye maonyesho yenyewe, Salzburg 2005 ni mahali pazuri pa kujifunza kutenganisha hukumu. Mwongozaji Willy Decker aliondoa mapazia, meza na taa za kioo, akabakiza ukuta mweupe uliopinda, makochi machache na saa kubwa mno. Violetta amevaa gauni fupi jekundu. Wanakwaya wote, wanaume kwa wanawake, wamevaa suti za kiume, hivyo kila anapoingia kati yao anaonekana amezungukwa na mwanamume mmoja mwenye vichwa vingi. Daktari Grenvil, ambaye Verdi alimpa mistari michache tu, hapa ni mzee anayekaa kimya karibu na saa tangu utangulizi wa ala, naye ni kifo kinachosubiri zamu yake. Furaha ya mapenzi shambani inaonyeshwa kwa vitambaa vya maua vilivyotandikwa juu ya makochi. Unaweza kuyapenda au kuyachukia hayo, lakini kipimo chake kiwe muziki. Saa ile inafanya kazi kwa sababu Violetta mwenyewe analalamika juu ya wakati. Kama ingekuwa pambo tu, ningekuwa wa kwanza kuilaumu. Kusema tu kwamba mavazi si ya karne ya 19 si uhakiki, ni taarifa.

Sasa ongeza kamera. Aliyeketi ukumbini huona saa, mzee na gauni jekundu kwa wakati mmoja, naye huamua mwenyewe wapi pa kutazama. Kamera ikisogea kwenye uso wa Netrebko, saa imetoweka na mzee pia, na fikra ya Decker imebaki nusu. Kwa upande mwingine, macho ya Netrebko ambayo safu za nyuma haziyaoni yanakuwa ndiyo onyesho lenyewe. Kwa hiyo ukiona kipindi ambacho jukwaa linaonekana tupu au halina maana, rudisha nyuma ukatafute picha ya mbali kabla ya kumshutumu mwongozaji wa jukwaa. Nami hupendekeza utazame walau tendo moja bila sauti kabisa: utashangaa ni mara ngapi picha hukatwa kwa kufuata msisimko wa mhariri, wala si kwa kufuata kifungu cha muziki. Halafu lisikilize tendo hilohilo umefumba macho, kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, kwa maana spika ya simu huimeza sauti ya chini ya okestra na kumfanya kila baritoni, mwanamume mwenye sauti ya kati kama Germont, aonekane mkavu.

Limebaki suala la mwili, ambalo wanaoanza huliandika ovyo. Fanny Salvini-Donatelli, Violetta wa kwanza mwaka 1853, inasemekana alichekwa na hadhira kwa sababu umbo lake lilikuwa nene kuliko la mgonjwa wa kifua, ingawa alisifiwa kwa uimbaji. Kamera ya leo imeongeza ukatili huo mara nyingi. Kinachopaswa kuulizwa ni kama mwili huo, wa ukubwa wowote, unaujua ugonjwa: jinsi anavyokaa kitini, anavyoushika mkono wa mtumishi, anavyoupunguza mwendo kabla hajafika kitandani. Kamera ina huruma zake pia. Panerai alikuwa na miaka 75 alipoimba Germont mwaka 2000, na sauti yake haikuwa tena ile ya ujana, lakini uso wa mzee halisi, ukionekana kwa karibu, unabeba mengi ambayo sauti pekee isingeyabeba. Ukiandika juu yake, toa hukumu mbili zilizotengana, moja ya uimbaji na nyingine ya uigizaji, na mwambie msomaji wazi ni ipi iliyokuvuta.