Penalti si zawadi

SWALI: Msomaji wa Tanga anaandika: "Mimi na mwenzangu tulibishana baada ya mechi. Yeye anasema neno sahihi ni mwamuzi, na kwamba refa ni Kiingereza kilichovunjika. Nikamwonyesha gazeti lililoandika: 'Refa aliwazawadia wenyeji penalti.' Nikamwambia, kama gazeti limeandika refa, basi ni sahihi. Nani kati yetu ana haki?"

JIBU: Kuhusu refa na mwamuzi, wote wawili mna haki, na jambo lenyewe ni fupi. Mwamuzi anatokana na kuamua, kitenzi kilekile cha mtaani: watu wawili wakishikana mashati, anayejitosa katikati akawatenganisha anaamua ugomvi. Hakuna jina linalomfaa zaidi mtu mwenye filimbi. Refa tumelitwaa kwa Waingereza, tukalikata mkia, tukalipa wingi wa marefa, na sasa ni letu. Kwao lina maana ya mtu anayepelekewa shauri, kwa sababu hapo kale kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na hao wawili wakishindwa kuelewana ndipo walipompelekea shauri mtu wa tatu aliyekaa nje ya mstari. Mwaka 1891 mtu huyo wa tatu akaingizwa uwanjani na wale wawili wakawa washika vibendera. Sema refa, sema mwamuzi, hakuna atakayekukosoa kwa haki.

Kilichonisikitisha, ndugu yangu, ni kwamba umeishika sentensi yenye neno moja zuri na moja baya, ukalitetea lile zuri na lile baya ukalipita. "Aliwazawadia penalti." Hili silipiti. Kila Jumatatu nikifungua kurasa za michezo nalikuta. Redioni nalisikia, tena kwa sauti ya furaha: timu fulani imezawadiwa penalti dakika ya 78. Wengine wakiona zawadi haitoshi, wanasema imetunukiwa, kana kwamba kuna jukwaa na nishani. Nimeshaandika kuhusu neno hili, nimeshabishana na vijana wa vyumba vya habari kuhusu neno hili, na nitaandika tena.

Zawadi ni neno la asili ya Kiarabu, lilihusu masurufu ya msafiri. Kwetu likawa kile anachorudi nacho msafiri, kisha kitu chochote kinachotolewa kwa hiari na mapenzi. Bibi akitoka Pangani akakuletea kikapu cha maembe, hiyo ni zawadi. Asipokuletea huna pa kumshitaki. Zawadi haidaiwi. Akidai mtu zawadi, tunasema hana adabu.

Sasa tazama uwanjani. Mshambuliaji amekatwa mtama ndani ya kumi na nane, lile eneo la hatari mbele ya goli. Wachezaji kumi wanamkimbilia refa, mikono juu. Wanafanya nini? Wanadai penalti. Ndivyo tunavyosema sote, na hata hao watangazaji husema hivyo: "Wanadai penalti pale!" Sekunde tatu baadaye filimbi inalia na mtangazaji yuleyule anasema wamezawadiwa. Walikuwa wanadai haki yao, wakapewa, mara imegeuka zawadi. Kitu kimoja hakiwezi kuwa deni saa nane na dakika mbili, kikawa zawadi saa nane na dakika tatu.

Chukua mfano wa kijijini. Jirani amemchinja mbuzi wako bila ruhusa. Unakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, unaeleza, mashahidi wanaitwa, jirani anaambiwa alipe. Ukirudi nyumbani na fedha zako mkononi, mkeo anakuuliza umetoka wapi. Utamjibu kwamba mjumbe amekuzawadia? Ukijibu hivyo, yeye atadhani hukuwa na mbuzi. Atadhani mjumbe ni rafiki yako. Na jirani akisikia, kesho atapita mitaani akisema: mmesikia wenyewe, amekiri, alizawadiwa. Neno moja tu, na wewe uliyechinjiwa mbuzi umekuwa mtu wa kupendelewa. Hivyo ndivyo magazeti yetu yanavyowafanyia wachezaji waliovunjwa miguu ndani ya eneo la hatari.

Kosa limetoka wapi? Limetoka katika kutafsiri neno kwa neno. Waingereza wana kitenzi "award", na mtu aliyejifunza kwamba neno hilo ni tuzo au zawadi hulibandika kila anapolikuta. Lakini kwa Waingereza wenyewe kitenzi hicho kilianza katika maamuzi, si katika sherehe: ni kutoa hukumu baada ya kusikiliza pande mbili. Wanasheria wetu nao walinaswa na mtego huohuo, ndiyo maana uamuzi unaotolewa katika mgogoro wa kazi unaitwa tuzo, na mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki anaambiwa ameshinda tuzo. Hao wana lugha yao ya mahakamani, nawaacha. Mpira ni wa watu wote.

Penalti yenyewe haikuzaliwa kama zawadi. Aliyeibuni ni William McCrum, golikipa wa kijiji cha Milford, wilaya ya Armagh huko Ireland. Aliona mabeki wakimwangusha kwa makusudi mtu aliyekaribia kufunga, wakijua watakachopata ni faulo ya kawaida ambayo timu nzima itajipanga langoni kuizuia. Akapendekeza adhabu nzito: mpira uwekwe karibu, mpigaji abaki na kipa peke yao. Pendekezo lake lilipitishwa tarehe 2 Juni 1891. Waungwana wa mpira wa siku zile walikasirika sana, wakaona wametukanwa, maana kuweka adhabu ya namna hiyo ni kusema kwamba wapo wachezaji wanaocheza rafu kwa kukusudia. Jina lake lenyewe ni adhabu. Ukisema refa amezawadia penalti, kwa Kiswahili kitupu umesema refa amezawadia adhabu.

Nina mfano ambao nautumia kila ninapobishana na watu kuhusu jambo hili, na sitauacha leo. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay. Ni 1–1, dakika za nyongeza zinakwisha. Kichwa cha Dominic Adiyiah wa Ghana kinakwenda wavuni, kipa ameshapitwa, na Luis Suárez wa Uruguay, ambaye si kipa, anaunawa mpira kwa mikono yote miwili juu ya mstari. Anapewa kadi nyekundu, Ghana wanapata penalti. Siku ile nilisikia kwa masikio yangu mtu akitangaza kwamba Ghana wamezawadiwa penalti.

Wamezawadiwa nini? Walikuwa na goli, goli ambalo lingeipeleka timu ya Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano yale. Goli hilo lilizuiwa kwa mikono, na sheria haimruhusu refa kulirudisha. Inamruhusu kuwapa nafasi ya kulitafuta upya kutoka mita 11. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba. Wakaenda kwenye matuta, Uruguay wakashinda 4–2. Bara zima lililia usiku ule. Mtu aliyeibiwa ng'ombe akarudishiwa kamba hajazawadiwa kamba. Ile penalti haikuwa hata fidia kamili, sembuse zawadi, na kila nikilikumbuka neno lile la mtangazaji naumia kwa ajili ya Ghana mara ya pili.

Mashabiki wenyewe hawakosei hivi. Hili nalisema kwa heshima, kwa sababu watu wa kibanda umiza, wanaobanana kutazama mpira kwenye vibanda vya mtaani, wanadharauliwa sana kuhusu lugha, nao ndio wanaoijua. Kumbuka tarehe 5 Aprili 2024, Yanga kule Pretoria dhidi ya Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga likagonga mwamba, likadunda chini, na Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, wakaona kwa macho yao kwamba mpira umevuka mstari. Goli halikukubaliwa. Mechi ikaisha 0–0, Yanga wakatolewa kwa matuta 3–2. Usiku ule na wiki zilizofuata, watu walisema nini? Walisema tumenyimwa goli. Tumeporwa. Tumedhulumiwa. Kila neno hapo linataja haki iliyokuwepo ikachukuliwa. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba refa hakumzawadia Aziz Ki. Hata aliyeamini kwamba mpira haukuvuka wote alibisha kwa lugha hiyohiyo: hamkunyimwa kitu, halikuwa goli. Ubishi wao ulikuwa juu ya kilichotokea, na maneno yao yaliubeba barabara.

Tena shabiki analo neno lake kwa refa anayependelea. Husema timu inabebwa. Akichoka husema imefungwa mbeleko, na mara moja unamwona mtoto mgongoni, miguu haigusi ardhi, mama ndiye anayetembea. Nani katika vyumba vya habari amewahi kubuni picha kama hiyo? Shabiki huyohuyo akisema "leo mmezawadiwa penalti", amelitumia neno vizuri kuliko mwandishi yeyote. Anamaanisha kwamba mshambuliaji alijirusha, hakuguswa, refa akatoa kwa hiari yake kitu ambacho hakikudaiwa kwa haki. Hiyo kweli ni zawadi, na ni shutuma. Ukilitumia neno hilo kwa penalti halali, umemnyang'anya shabiki neno lake la kulalamikia, na umemshutumu refa ambaye amefanya kazi yake sawasawa. Katika nchi ambayo marefa wanatukanwa kila wiki, mwandishi asichangie tusi kwa sababu ya uvivu wa kutafsiri.

Nimeambiwa kwamba lugha hukua na neno limeshazoeleka. Lugha hukua, sawa. Kuunawa mpira ni ukuaji, na ni mzuri ajabu: mikono imeingia pasipo pake na lugha ikaikuta na neno la kuosha mikono. Kuotea ni ukuaji. Tuta ni ukuaji, ingawa mkulima wa viazi bado analo lake. Kule Kenya wanaandika kwamba mchezaji amelishwa kadi nyekundu, huku kwetu amelimwa kadi, na yote mawili nayapenda kwa sababu yanauma kama adhabu inavyotakiwa kuuma. Haya yamekua kutoka ndani. Kuzawadiwa penalti ni neno lililodondoshwa kutoka katika sentensi ya kigeni, na mahali lilipodondoka limefunika kitu.

Limemfunika mkosaji. Angalia sentensi yako tena: refa yupo, wenyeji wapo, penalti ipo, na beki aliyesababisha yote hayo hayupo. Zawadi haihitaji mkosaji. Adhabu inamhitaji. Mwandishi akiandika "kuzawadia" halazimiki kueleza beki alifanya nini, na msomaji aliyekuwa shambani siku ya mechi hajui kama ulikuwa mkono, mtama au shati lililovutwa. Halafu tunashangaa watu wakibishana wiki nzima.

Nikichoka naridhika na "walipewa penalti", ambalo halina madhara, na "walipata penalti", ambalo ni zuri. Lakini ningekuwa mhariri wa gazeti lile ulilomwonyesha mwenzako, ningemrudisha mwandishi kwenye meza yake aniambie kwanza nini kilitokea ndani ya kumi na nane, kisha ningepitisha hivi: "Beki wa wageni aliunawa mpira, refa akaamuru penalti."