Ndege wawindaji wanaopita milimani kwetu: majibu ya maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Mwaka jana Desemba, mvua ilipokatika jioni, niliona ndege wengi wadogo wa kijivu, miguu myekundu, wakizunguka juu ya mahindi. Ni kina nani? (Msomaji, Uyole)

Marahaba. Ukiwaona tena, tazama chini ya bawa: kama sehemu ya mbele ni nyeupe kabisa na mwili ni wa kijivu, huyo ni kozi wa Amur, dume. Jike ana tumbo jeupe lenye madoa meusi. Wanazaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa China, wanapita India, kisha wanavuka Bahari ya Hindi bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000, mpaka Afrika Mashariki. Hata robo kilo hafiki! Wanakoelekea ni kusini mwa Afrika, na wanafuatana na mvua kwa sababu mvua huamsha kumbikumbi. Ndiyo maana uliwaona saa ile.

Kule Nagaland, India, mwaka 2012 walinaswa kwa nyavu kwa maelfu mengi ili wauzwe kama kitoweo. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe wakasimamisha mchezo huo.

Nikae wapi kuwatazama, na saa ngapi? (Msomaji, Mafinga)

Tafuta mgongo wa mlima wenye bonde pana chini yake. Kwa Mbeya napenda pale barabara ya Chunya inapokata ukingo na Usangu yote inalala chini yako. Kitulo nako kuzuri, ila ni hifadhi ya taifa: kuna lango na kiingilio. Wewe wa Mafinga huna haja ya kusafiri, kwani ukingo wa Mufindi unatosha.

Miezi ni Oktoba mwishoni hadi Desemba wakishuka kusini, na Februari hadi Aprili wakirudi. Usidamke alfajiri kama mwindaji. Ndege wa mabawa mapana husubiri ardhi ipate joto, hewa ianze kupanda, ndipo wapande nayo bila kupiga bawa. Kuanzia saa tatu au nne asubuhi hadi saa tisa alasiri panatosha. Beba koti hata kama mjini kuna jua.

Wakizunguka mia pamoja nitawahesabuje? Nikifika thelathini nachanganyikiwa. (Msomaji, Makete)

Usiwahesabu wakiwa wanazunguka. Waache wapande. Wakifika juu wanaacha mzunguko na kuteleza kuelekea wanakokwenda, mmoja nyuma ya mwingine, wamejipanga vizuri kuliko abiria wa stendi ya Nane Nane. Hapo ndipo unahesabu. Chagua alama mbili za mbali, tuseme mti na mnara, vuta mstari wa kufikirika kati yake, na umhesabu anayeukata mstari akielekea upande wa msafara. Anayerudi nyuma unamtoa. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi kwa makini uone kumi wanachukua nafasi gani angani, kisha endelea kwa makumi.

Ndege wenyeji, wasiosafiri, watakuhadaa. Kunguru mkubwa wa milimani mwenye shingo nyeupe nyuma hupenda kucheza na upepo ukingoni, na kwa mbali anapita kwa tai. Shakivale wetu wa nguzo za umeme, mwenye mkia wa rangi ya kutu, huning'inia palepale akitazama chini. Msafiri hakai: akishapata kimo, anaondoka.

Andika kila saa peke yake, pamoja na upepo na mawingu, na saa isiyo na ndege uiandike sifuri. Watu wengi huruka sifuri kwa aibu, na mimi daftari la namna hiyo siliamini. Bila sifuri utajuaje mwaka huu wamepungua, au ni wewe tu uliyeondoka mapema?

Mzee wetu anasema hao ndio wezi wa vifaranga, tuwapige manati. (Msomaji, Tukuyu)

Hapana. Kozi wa Amur anakula wadudu, na shakivale wanaotoka Ulaya na Asia wanakula panya na panzi, yaani wanawasaidia wakulima. Mwizi wa vifaranga ni mwewe, au kipanga anayeishi hapo hapo kwenye mikaratusi. Vifaranga vijengewe banda la wavu. Mzee mpe heshima yake, manati afiche.

Kuhesabu kunamsaidia nani? (Msomaji, Iringa)

Pennsylvania, Marekani, kuna mlima unaoitwa Hawk Mountain ambako watu walikuwa wakienda kulenga ndege wa msafara kwa bunduki. Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, aliukodi, akaweka mlinzi, na mlinzi akaanza kuhesabu. Miaka ya baadaye madaftari yale yalionyesha tai wachanga wakipungua enzi za DDT, ile sumu ya kuulia wadudu.

Kwetu, tazama mashamba ya mpunga ya Usangu. Kwelea kwelea wakivamia, hunyunyiziwa sumu kutoka angani, na ndege wawindaji huja kuwala wale walioanguka. Athari hiyo utaipima kwa kipimo gani kama hakuna aliyehesabu kabla?

Nikiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, nifanyeje? (Msomaji, Chunya)

Pete hiyo amevishwa na watafiti. Piga picha maandishi yake yote, andika tarehe na mahali, upeleke taarifa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Usimguse kwa mikono mitupu, na usimle.