Mke wangu anajichukia mwili, nimsaidieje?

*Shangazi, mke wangu kila akisimama mbele ya kioo hujishika tumbo na kusema amenenepa, hatamaniki tena. Nikimwambia ni mzuri, ananijibu kwamba wanaume hatujui mateso ya mwili. Nimsaidieje? Mimi mwenyewe ni kimbaumbau, huwa navaa fulana mbili ndani ya shati ili nijaze kidogo, na rafiki ninayenyanyua naye vyuma anasema kuna sindano zitakazonijaza haraka. Lakini hilo si tatizo. – Mume mwenye wasiwasi*

Mwanangu,

Umeuliza habari za mkeo, na jibu lake linakuja. Ila lako ndilo la haraka, kwa sababu umeshaahidiwa sindano.

Usichome. Sindano za namna hiyo kwa kawaida huwa ni steroidi, yaani homoni ya kiume iliyotengenezwa maabara. Mwili ukiipata kutoka nje huacha kutengeneza ya kwake. Korodani husinyaa, mbegu hupungua, na ukishaacha inaweza kuchukua miezi mingi mambo kurudi sawa. Shinikizo la damu hupanda na moyo huumia. Halafu unaniambia hilo si tatizo!

Sasa mkeo. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Fallon na Rozin, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo michoro ya miili, kuanzia mwembamba hadi mnene. Wasichana walijiona wanene kuliko walivyotamani kuwa, tena wakadhani wanaume wanapenda wembamba kuliko ule waliouchagua wanaume wenyewe. Kwa wavulana, kwa wastani, pengo hilo halikuonekana, na ikawa rahisi kuamini kwamba mwanamume hana shida na mwili wake. Lakini wastani huficha: anayetaka kupungua na anayetaka kuongezeka ukiwajumlisha, wanafutana. Na michoro ile ilipima unene, haikupima misuli. Mwaka 2000 daktari wa akili wa Marekani, Harrison Pope, na wenzake walipowapa wanaume wa Austria, Ufaransa na Marekani nafasi ya kuchagua mwili wanaoutamani, walichagua wenye misuli ya ziada ya kilo 13 hivi kuliko waliyokuwa nayo, wakaamini wanawake wanataka hata zaidi. Wanawake walipoulizwa, wakachagua mwanamume wa kawaida tu.

Umeona mlivyo, wewe na mkeo? Yeye anataka kupungua, wewe unataka kujaa, na kila mmoja anajitesa kwa kudhani mwenzake anatamani kitu ambacho huenda hakitamani kabisa.

Hata hivyo, usimwambie kwamba mko sawa, maana hamko. Msichana akibalehe mwili huongeza mafuta, ukamtoa kwenye wembamba unaosifiwa. Mvulana hupanuka mabega, akasogea kule kunakosifiwa. Na mwili wa mwanamke kila mtu anajiona ana ruhusa ya kuutolea maoni. Mzigo wake ni mzito kweli, na anapokwambia hujui, anataka usikilize. "Wewe ni mzuri" ukiisema upesi, inamfunga mdomo.

Kwa hiyo jaribu hivi. Siku akijishika tumbo tena, usimsifu kwanza. Muulize ni nini kimemfanya aseme hivyo leo: nguo iliyombana, picha aliyoiona, neno la mtu? Akimaliza, mweleze kuhusu fulana mbili na kuhusu hiyo sindano. Najua ni aibu. Wanaume wengi hulificha jambo hili hata kwa wake zao, na ndiyo maana mkeo anaamini yuko peke yake.

Kama ameanza kuruka milo au kujitapisha baada ya kula, au kama wewe huwezi kukosa mazoezi hata siku moja bila kufadhaika, msikae nalo nyumbani. Nendeni kwa daktari au mshauri nasaha, mkaingie wote wawili.

Shangazi