Toka Dirishani, Mfamasia

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka Lamu. Mfamasia kijana, miezi minne kazini, daktari amemwambia mbele ya wagonjwa arudi kwenye dirisha lake la dawa. Kosa lake ni kuuliza kwa nini mgonjwa wa thieta, chumba cha upasuaji, kachomwa antibiotiki tangu alfajiri. Mdogo wangu, koo lilinikaba. Maneno hayo niliambiwa mimi hapa Malindi, na bado yananiuma.

Lakini kabla sijaambiwa, nilikuwa nimekosa. Mzee mmoja mvuvi alilazwa apasuliwe ngiri. Sefazolini gramu 2, antibiotiki ya kukinga kidonda kisioze, niliitoa mimi. Wauguzi wa wadi wakamchoma saa kumi na mbili asubuhi pamoja na wenzake wote wa siku ile, kazi iishe mapema. Thieta ikachelewa, akakatwa saa sita mchana. Saa zote mbili niliziona kwenye faili nikanyamaza. Dawa ile mwilini hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi, basi kisu kilimkuta amebakiwa na kama sehemu moja ya nane. Siku ya sita kidonda kikatoa usaha. Siwezi kuapa kwamba sababu ni saa zile, kidonda huharibika kwa mengi. Ila aliniuliza lini atarudi baharini, nami sikuwa na jibu.

Nilipoanza kusema ndipo nikaambiwa nikahesabu vidonge.

Sikubishana. Nilinunua daftari, na kila jioni nikaandika kutoka kwenye mafaili mambo mawili tu: saa ya sindano na saa ya kisu. Baada ya mwezi nikalipeleka kwa mtaalamu wa nusu kaputi, maana yeye ndiye yuko kichwani pa mgonjwa dakika zile za mwisho. Alilisoma kimya, akafunga, akasema, "Leta dawa huku." Tangu siku hiyo sindano ya kinga haiendi wadini. Inakaa kwenye trei yake, inachomwa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, kama inavyouliza orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani tangu 2008. Upasuaji ukizidi muda wa saa nne, au damu ikipotea zaidi ya lita moja na nusu, inarudiwa. Mama anayezalishwa kwa upasuaji naye anapewa kabla ya kisu, si kusubiri kitovu cha mtoto kifungwe.

Leo nikichelewa, mtaalamu yule hunipigia simu mwenyewe. Najivunia hilo, sifichi.

Vita vilivyobaki ni vya siku tano za seftriaksoni, antibiotiki nyingine, baada ya kushonwa, "kwa usalama." Usalama wa nani? Mwongozo wa 2016 wa shirika hilohilo unasema kinga isiendelezwe upasuaji ukishaisha. Zile siku tano huharisha watu, hufuga bakteria sugu, na familia ndizo zinazolipa. Wafamasia tunaopitisha karatasi hizo bila kuuliza, sisi pia tumo. Tuulize. Tukikataliwa tuulize tena, kwa adabu, tukiwa na saa mkononi.

Nawe wa Lamu, usirudi kwa daktari yule kesho. Nunua daftari. Anza na faili la mgonjwa wako wa alfajiri, kisha mtafute mtaalamu wa nusu kaputi wa kwenu.