Kiungo chenye "go.tz" katikati si cha serikali
Pole dada. Umeuliza kama kiungo ulichotumiwa WhatsApp, ajira.go.tz.fomu-mpya.com, ni cha serikali kwa kuwa kina "go.tz". Hapana, usikijaze! Jina la tovuti husomwa kutoka kulia. Hapo mwisho ni .com, na mwenye jina ni "fomu-mpya", hiyo "ajira.go.tz" ya mbele ameibandika mwenyewe, hakuna wa kumzuia. Anwani ya serikali yetu ya Tanzania huishia na .go.tz yenyewe, na kikifuata kitu ni mkwaju (/), si nukta nyingine. Kenya ni .go.ke. Vyuo vyetu vina .ac.tz. Lakini .com hununua yeyote, hata tapeli. Alama ya kufuli nayo isikutulize, wanayo pia. Kama ulishaandika nywila yako humo, ibadilishe sasa hivi.