Prednisoloni haiachwi siku moja, dada usijaribu

Dada uliyeandika una miaka 63, una baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kujishambulia, unameza prednisoloni (dawa ya steroidi, inatuliza kinga ya mwili na uvimbe) miligramu 10 kila asubuhi mwaka wa tano sasa, na Jumatatu unaacha zote kwa sababu umesikia zinakula mifupa. USIACHE. Mifupa zinakula kweli, hapo sikubishii, lakini si hivyo.

Mimi niliacha hivyohivyo nikiwa na miaka 59, baada ya miaka minne ya kumeza. Siku mbili za kwanza niko sawa kabisa, nikaona kumbe inawezekana. Siku ya tatu viungo vikakaza, nikasema huu ugonjwa tu, nitavumilia. Ya nne sina nguvu hata ya kushika kikombe, natapika, nikisimama giza machoni, na mwanangu anasema nilikuwa naongea maneno hayaeleweki, akanibeba mpaka kwenye gari. Kufika hospitali presha 70 kwa 40. Dripu, sindano ya haidrokotisoni (steroidi nyingine), na daktari anauliza swali moja tu, prednisoloni umemeza mara ya mwisho lini?

Ndio nikaelezwa kitu ambacho miaka minne yote hakuna aliyeniambia. Juu ya figo kuna tezi mbili zinatengeneza homoni ya kotisoli, ile inayoshikilia presha na kuusaidia mwili kuhimili ugonjwa. Ukimeza prednisoloni zaidi ya wiki tatu nne hivi, tezi zinalala maana kazi inafanywa na kidonge, sasa ukikiondoa ghafla huna cha kidonge wala cha kwako, na kuamka kwake kunaweza kuchukua miezi. Watu wanakufa hivi.

Na aliyenipoteza ni muuza virutubisho, alinikalia kitako saa nzima, hiyo ni sumu mama, itoe mwilini mara moja, meza hivi vyangu. Hela alichukua. Nilipolazwa simu hakupokea, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Yule wa duka la dawa aliyekuwa ananiuzia prednisoloni mwezi baada ya mwezi bila kuuliza lolote naye simsamehi.

Prednisoloni inashushwa ngazi kwa ngazi, na anayepanga ngazi ni daktari. Mimi nilianzishiwa methotrekseti kwanza, dawa nyingine ya baridi yabisi, ikaachiwa miezi kama mitatu ishike maana haina haraka (na hiyo ni MARA MOJA KWA WIKI, sio kila siku, kila siku inaua, na umri huu lazima figo na ini vipimwe), halafu ndio tukaanza kushuka, mwishoni tukipunguza miligramu 1 kila wiki 4. Kuna mwezi viungo viligoma tukarudi ngazi moja juu. Ukipata homa kali, ukatapika vidonge au ukaenda kufanyiwa upasuaji, waambie unatumia steroidi, hapo dozi huwa inapandishwa, haishushwi.

Kwa mifupa omba kipimo cha uzito wa mifupa, uliza kalsiamu na vitamini D, na kama inahitajika dawa ya mifupa yenyewe.

Uliuliza pia sindano za baiolojia (zile dawa za kisasa za kuzuia kinga isishambulie viungo) kwa umri wako na mambo ya chanjo, nitarudi, sasa hivi akili yangu yote iko Jumatatu. Dada, mpigie daktari wako kabla haijafika, na cha kesho asubuhi kimeze. Ukishampigia andika hapa, nasubiri.