Anza na waya, mchoro utafuata

Wewe uliyepangiwa kufundisha nyenzo za uhandisi mwaka wa kwanza, usianze na mchoro wa awamu wa chuma na kaboni, yaani ule unaoonyesha chuma kiko katika hali gani kwa kila kiwango cha joto na cha kaboni. Mimi nilianza nao, nikapata darasa zima linalonakili mistari kimyakimya. Mle darasani mna aliyekulia karakana, mna ambaye hajawahi kushika tupa, mna anayefikiri kwa lugha nyingine kabisa. Mchoro uliwapita wote.

Siku hizi naanza na waya laini wa shaba nyekundu, kipande cha shibiri moja kwa kila mwanafunzi. Ukunje, kisha unyooshe. Haunyooki vizuri: palipokunjwa pamekaza, waya unapinda pembeni yake. Vidole vinalihisi hilo, hata vya asiyeona. Hapo nauliza: nikiupasha moto mpaka uwe mwekundu, nikautumbukiza majini, utakuwa mgumu au laini? Kila mtu anaandika jibu, anabishana na jirani yake kwa lugha waipendayo, kisha anaandika tena. Profesa Eric Mazur alianza kufundisha fizikia kwa mtindo wa namna hii katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991, na sijaona njia bora ya kumfanya mkimya aseme. (Kupasha moto fanya mwenyewe, na wote wavae miwani ya kinga.)

Aliyetoka karakana hushikilia kwamba utakuwa mgumu. Waya unatoka majini umelegea. Usimwache aaibike, kwa sababu kwa pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo, yuko sahihi: kikivuka nyuzijoto 727 za Selsiasi, kaboni huanza kuzama ndani ya fuwele mpya (atomi zilizojipanga kwa utaratibu), ukikipoza ghafla inanaswa humo, chuma kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Shaba haina kaboni ya kunasa. Kuikunja kuliisongamanisha kasoro ndani ya fuwele zake, ndiyo maana ilikaza; moto umeiotesha fuwele mpya zisizosongamana kasoro, na maji yameipoza tu. Baada ya hapo mchoro wa awamu wanauomba wenyewe.

Ukiuchora, tofautisha mistari kwa nukta na vistari, si kwa nyekundu na kijani, maana wapo wasiozitofautisha rangi hizo. Fuwele zijenge kwa mipira iliyogundishwa, kila mpira ukiwa atomi moja. Mwanafunzi wangu mmoja asiyeona alihesabu kwa vidole majirani 12 wa mpira mmoja kwenye muundo wa shaba, akahesabu 8 kwenye ule wa chuma baridi, kisha akawaelekeza wenzake waliokuwa wamekosea.